Ukurasa Nilioufanya Jalada

Niliondoka Kasulo asubuhi moja bila mpango wowote, na afadhali niseme mapema kwamba nilikuwa nakimbia. Nilivaa katambuga zangu za tairi, nikatia ndani ya mfuko wa salfeti kisu cha kukatia karatasi, sindano ya kushonea magunia, kibonge cha uzi na viazi viwili vya kuchemsha. Jua lilikuwa halijapanda vilima bado, na moshi wa kambi ya wakimbizi ulikuwa umelala bondeni kama kawaida yake. Sikumuaga mtu.

Kuondoka hivyo hakukuwa jambo geni kwangu. Shule niliiacha nikiwa darasa la tano. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Siku moja nilifuata lori lililobeba ng'ombe ili nijue linakwenda wapi, na niliporudi baada ya mwezi mwalimu alikuwa amekwisha kulifuta jina langu. Baadaye nilikaa Kirushya nikipalilia migomba, nikachoka kuitazama migomba ile ile, nikaondoka. Mama yangu alikuwa akisema kwamba miguu yangu ina masikio, inasikia mambo kabla yangu. Lakini mara zote hizo nilikuwa nafuata kitu. Asubuhi ile nilikuwa namkwepa mwanamke mmoja niliyemwambia aje saa tatu.

Wakimbizi wale walipovuka mto kutoka nchi ya jirani na kujaa katika vilima vyetu, nilifurahi siku za kwanza, na hilo naona aibu kuliandika. Nilikuwa kijana anayezunguka kuitafuta dunia, na sasa dunia ilikuwa imekuja yenyewe ikakaa mlangoni. Nilikwenda kambini kila siku kuangalia. Nyumbani watu walilalamika kwamba miti inakwisha na ndizi zinaibwa kabla hazijakomaa, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mimi nilikaa kwenye foleni za maji nikisikiliza. Lugha yao na Kihangaza chetu zinasikilizana, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunificha neno.

Hapo ndipo nilipoanza kuona vitabu. Mtu amekimbia na sufuria moja, godoro limemshinda njiani, mbuzi amemuuza kwa bei ya kutupa, lakini ndani ya kitenge amefunga kitabu. Kitabu cha sala, au cha nyimbo, au zaidi ya yote kile cha maisha ya watakatifu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto, chenye picha, kilichopigwa chapa misheni zamani. Nilimuuliza baba mmoja kwa nini aliacha jembe akabeba kitabu. Alinitazama kama ananihurumia.

"Jembe nitapewa," akasema. "Hiki nani atanipa?"

Kulikuwa na katekista mmoja, mzee mrefu mwenye mabega yaliyoinama, ambaye kwao alifundisha dini kwa miaka mingi. Watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa amekusanya vitabu katika masanduku mawili ya mbao chini ya turubai, vingine vya lugha yao, vingine vya Kiswahili alivyopewa na parokia ya jirani, na kila Jumapili baada ya ibada familia zilipanga foleni kuazima. Sheria zake zilikuwa tatu. Kitabu kirudi baada ya wiki. Kisomwe kwa sauti mlangoni kabla jua halijazama, kwa kuwa mafuta ya taa hayakuwapo. Na msomaji awe mtoto, wakubwa wakae wasikilize.

Watoto wale hawakusoma kama waandishi wa vitabu vile walivyotarajia. Jioni moja nilisimama karibu na hema ambalo msichana wa miaka kama tisa alikuwa anasoma habari za mtakatifu aliyeishi pangoni peke yake. Akasimama katikati ya sentensi.

"Sasa huyu alikuwa na kadi?"

"Kadi gani?" mama yake akauliza.

"Ya chakula."

"Mjinga wewe," kaka yake akadakia, "alikuwa analetewa mkate na kunguru. Soma mbele."

"Basi kunguru ndiye aliyekuwa na kadi," msichana akasema, akaendelea kusoma.

Watu walicheka hadi mahema ya jirani. Mwalimu nilipomsimulia hakucheka. Alisema tu kwamba swali ni zuri, na kwamba yeye mwenyewe asingejua la kujibu.

Ndiye aliyenifundisha kutengeneza vitabu. Gundi tuliipika kwa unga wa muhogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Uzi tuliufumua kwenye magunia ya msaada. Jalada tulilitengeneza kwa vipande vya katoni vilivyogandishwa pamoja na karatasi nene, kisha juu yake kitambaa cha shuka kuukuu. Malipo yangu yalikuwa kusoma. Nilisoma kila kilichopita mikononi mwangu, na vilivyoandikwa kwa lugha yao nilivisoma kwa kukisia. Nilijifunza pia kusoma uchafu. Kurasa za watoto watiifu walioamka mapema na kuwasaidia wazazi wao zilikuwa nyeupe kama zimetoka dukani. Lakini katika kitabu kimoja kulikuwa na picha ya mama anayemtafuta mwanawe mji kwa mji, ameshika fimbo, na ukurasa ule ulikuwa mweusi kwa vidole. Pembe yake ilikuwa imelika kabisa. Niliipachika pembe mpya mara mbili.

Sasa niseme kosa langu. Vitabu vya misheni vilikuwa na kurasa tupu mbili au tatu mwishoni, za karatasi nzuri kuliko nyingine. Kambini kurasa hizo zilikuwa zimejaa hesabu za kujumlisha, vijistari vya kuhesabu siku hadi mgao, malori, helikopta. Mwalimu aliniambia, "Zilizochorwachorwa zitoe, uzitie ndani ya majalada. Karatasi kama hizi hatutapata tena." Nikazitoa. Nilizikata kwa kisu, safi kabisa, bila kuzisoma. Mimi ninayesoma hata karatasi iliyofungiwa karanga. Maandishi ya chapa niliyaheshimu kupita kiasi, na ya mkono niliyaona uchafu.

Yule mwanamke wa saa tatu alikuwa ameniachia kitabu cha watakatifu kisicho na jalada, kurasa zake za mbele zimevimba kwa maji ya kinamasi alichopita wakati wa kukimbia. Alirudi kukichukua Ijumaa mchana. Alikuwa mwembamba, si mzee, na alivaa koti la kiume. Alipokea kitabu kwa mikono miwili, akasifu kitambaa, akasifu mshono. Kisha akageuza nyuma.

"Mbona hapa mwisho pamekatwa?"

"Palikuwa pamechorwachorwa, mama."

"Pamechorwachorwa," akarudia, taratibu.

Akakaa chini. Hakupiga kelele, na ningependelea angepiga. Aliniambia kwamba ukurasa ule ulikuwa umeandikwa na mumewe. Kwao ndiyo desturi: mtoto akizaliwa, baba anaandika mwishoni mwa kitabu cha nyumbani siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, nani alimsimamia, na alama yoyote aliyokuja nayo. Mumewe alikuwa mpimaji kwenye kituo cha kununulia kahawa, na alitumia ile penseli ya ofisini inayolambwa kwanza ndipo iandike. "Akiandika watoto, ulimi wake ulikuwa zambarau siku nzima," akasema, na hapo nusura atabasamu. Mumewe hakuvuka mto. Watoto wawili wakubwa hawakuvuka. Wa tatu, msichana, alimpotea kwenye umati darajani, akiwa na miaka mitano.

Na msichana yule alikuwa amepatikana. Alikuwa katika nyumba ya watoto waliopotea, upande wa pili wa kambi ile ile, mwaka na zaidi, na mama yake hakujua. Lakini mtoto alikuwa haongei. Aliwatazama watu wote kwa macho yale yale. Na mwanamke mwingine alikuwa amekuja kabla, akasema ni wake.

"Nilimwambia karani," akasema, "mwanangu alizaliwa na kidole cha sita, mkono wa kushoto, tukakifunga uzi kikaanguka. Kovu lake ni dogo kama punje ya mtama, huwezi kuliona usipolijua. Lakini nililisema mbele ya yule mwenzangu, naye akasema, 'Hata mimi nalijua hilo.' Sasa maneno yamekuwa sawa. Karani akasema atakayeleta maandishi yoyote ya zamani ndiye. Watoto wanahamishwa Jumatano kupelekwa mbali. Nikamwambia, mimi ninayo maandishi, yako kwa fundi wa vitabu."

Nilijua ukurasa wake ulikuwa wapi. Nilikumbuka kabisa, kwa kuwa ulikuwa mkubwa kuliko zote na niliutaka kwa kazi moja: kitabu kikubwa cha Kiswahili, cha watakatifu waliokuwa watoto, ambacho jalada lake liliondoka lote. Kitabu hicho Mwalimu alimpa mama mmoja wa Runazi, ng'ambo ya msitu, aliyekuwa anakuja soko la kambini na baiskeli ya makopa, mihogo mikavu, akivushwa msituni na malori ya msafara. Mama yule aliomba chochote cha Kiswahili, kwa kuwa kigango chao hakikuwa na kitabu hata kimoja cha watoto. Alikifunga juu ya gunia tupu, akaondoka anaimba. Tangu hapo hatukumwona.

Ningemwambia hivyo. Badala yake nikasema, "Ukurasa upo, mama. Njoo kesho saa tatu."

Jioni Mwalimu, aliyekuwa amesikia yote, alinishika mkono. "Mwambie kweli," akasema.

"Nitamwambia."

"Na mimi nina sehemu yangu. Mimi ndiye niliyekwambia uzitoe. Tutamwambia pamoja."

Sikuweza kuvumilia wema ule. Asubuhi nikachukua mfuko wangu.

Nilipofika barabara ya lami, msafara wa malori yaliyokuwa yameshusha chakula ulikuwa unajipanga kurudi. Enzi zile hakuna aliyepita msituni peke yake kwa sababu ya majambazi, na magari yalisubiriana hadi askari wapande. Nikamwendea dereva mmoja mwenye kitambi aliyekuwa anapiga mswaki kando ya tairi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

Na hapa sijui nisemeje. Nilikuwa nimedhamiria kusema Kahama, au Mwanza, popote palipo mbali. Mdomo ukasema, "Runazi."

"Runazi kuna nini?"

"Kitabu."

Akatema povu. "Na humo kwenye mfuko?"

"Kisu na sindano."

"Mungu wangu. Askari wanatafuta majambazi porini, kumbe nawapakia mwenyewe." Akamgeukia utingo wake. "Huyu akae kwako. Akikuchoma sindano, piga honi."

Utingo hakunisemesha njia nzima. Alilala, kichwa chake kikigonga mlango. Mimi nilitazama miti ikipita, na kwa mara ya kwanza katika safari zangu zote sikuwa na hamu ya kuona kitu. Nilikuwa najaribu kukumbuka jambo moja tu, jambo dogo la kazi. Ukurasa ule niliugandisha kwenye katoni kwa upande gani? Gundi niliipaka upande mweupe, maandishi yakatazama juu, kisha nikafunika kwa kitambaa? Hilo nililiona vizuri. Lakini kitambaa nilikipaka gundi chote, au pembeni tu? Siku za haraka nilipaka pembeni tu. Siku ile nilikuwa na haraka? Nilimwomba Mungu niwe nilifanya kazi mbovu.

Kisha nikamfikiria yule mwanamke wa pili. Nilikuwa nimemwona pia, bila kujua ni yeye, ameketi nje ya uzio wa nyumba ya watoto na sufuria ya uji iliyofunikwa jani la mgomba, akisubiri aruhusiwe kuingia. Walisema anakuja kila siku. Labda alikuwa mwongo. Labda alikuwa amepoteza msichana wa umri ule ule, na mtoto asiyeongea anaweza kuwa mtoto wa yeyote, hata machoni pa mtu mkweli. Nikiupata ukurasa, sufuria ile ya uji itarudi imejaa. Katika vitabu vyote nilivyovitengeneza sikumbuki hata kimoja kilichokuwa na mama wawili, wote wakilia, na mmoja wao akibaki bila kitu hadithi inapokwisha.

Dereva alinishusha baada ya msitu, penye njia ya udongo. Nilipompa shukrani akanyoosha kichwa dirishani. "Ukikipata hicho kitabu, angalia kama kimeandika lini nitajengewa barabara."

Nilitembea kati ya mahindi na maharage hadi jua likawa la saa nane. Runazi nilikuwa sijawahi kufika. Penye maduka matatu madogo nikamkuta muuzaji anapima chumvi kwa kikombe. Nikamuuliza mama anayepeleka makopa hadi kambini kwa baiskeli.

"Wapo watatu," akasema. "Mnene, mkali, na anayeimba."

"Anayeimba."

"Ah, wa kwa mzee wa ng'ombe. Pita mihogo iliyoanikwa kwenye jiwe, utasikia mwenyewe."

Sikusikia wimbo. Nilikuta boma la Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga: nyumba mbili za tofali za udongo, ghala, zizi, na pembeni vibanda viwili vidogo vya nyasi vya kuwakumbukia wazee waliokufa. Mama yule alikuwa anamenya mihogo. Alinitambua mara moja, akainuka huku anafuta mikono.

"Fundi wa vitabu! Umetoka huko kote kwa miguu? Mzee, huyu ndiye aliyeshona kile kitabu chako."

Mzee, baba mkwe wake, alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kamba. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti nzito, akanitazama kuanzia katambuga kwenda juu.

"Kitabu chake?" nikamuuliza mama. "Nilidhani ni cha kigango."

Akacheka. "Ni cha kigango Jumapili. Siku nyingine ni cha mzee. Hajabatizwa, hataki kubatizwa, lakini asiposomewa kila jioni hali chakula."

"Ninakula," mzee akasema. "Nasikiliza kwanza. Hao watoto waliteswa na wafalme, na hawakuogopa. Mtu wa namna hiyo unamsikiliza, hata kama si wa ukoo wako. Umeleta kingine?"

"Sikuleta, baba. Nimekuja kukifungua hicho."

Nikawaeleza. Nilidhani nitaeleza kidogo tu, lakini nilijikuta nasema yote, hata la kukimbia, hata la kumwambia mama wa watu aje saa tatu. Saa tatu ilikuwa imepita zamani. Nilimwona akilini amesimama chini ya turubai na koti lake la kiume, na Mwalimu akimwambia peke yake. Mama wa makopa alisikiliza akiwa ameshika kisu na muhogo bila kumenya. Mzee hakuacha kusuka, ila mkono wake ukawa wa polepole.

Mama akaingia ndani, akarudi na debe la bati lenye mfuniko. Kitabu alikitunza humo kwa kuogopa mchwa. Alikuwa amekifunga kwa khanga.

"Kata," akasema.

"Ngoja," mzee akasema. "Kikikatwa kitasomeka?"

"Nakata jalada tu, baba. Ndani sigusi. Na nitalirudishia."

"Mtoto tuliyesomewa jana tulimwacha gerezani. Sijui alitokaje."

"Utajua, baba."

Nilikiweka kwenye mkeka, mahali penye mwanga, nikapapasa jalada la nyuma kwa kiganja. Katikati kitambaa kilicheza. Kilikuwa hakijashikana. Kwa hiyo siku ile nilikuwa na haraka, na nilishukuru kwa uvivu wangu mwenyewe. Nikachana kitambaa kwa ncha ya kisu kutoka juu, nikakifunua, na hapo chini palikuwa na mwandiko wa mtu makini, ulioinama kidogo kulia, rangi imefifia ikawa kijivu. Mstari wa kwanza: mtoto wa kiume, siku, mwezi, mwaka, msimamizi. Mstari wa pili: mtoto wa kiume tena. Hawa ndio ambao hawakuvuka. Niliwasoma taratibu, neno kwa neno, kwa kuwa safari ya kwanza niliwapita bila kuwasoma.

Wa tatu hakuonekana. Alikuwa chini kabisa, karibu na ukingo, na pembeni ndipo nilipopaka gundi. Kitambaa kilikuwa kimeng'ang'ania hapo upana wa vidole vinne.

Gundi ya muhogo haina ujanja. Unaloweka kitambaa, unaiwekea juu, unasubiri kidogo, inalegea. Nilimwomba mama maji, akaniletea kwenye bakuli pamoja na pande la shuka. Nikalichovya, nikalikamua, nikalibeba juu ya ukurasa, na tone moja likaanguka kwenye mstari wa kwanza. Tone lile likageuka zambarau. Lilifunguka kama ua, likala herufi mbili za jina la mtoto wa kwanza mbele ya macho yangu.

Nikarudisha mkono. Nikalisikia tena neno la yule mwanamke, ulimi wake ulikuwa zambarau siku nzima, neno nililolisikia nikalipita kama nilivyopita maandishi ya mumewe. Penseli ile inasubiri maji tu; kumbe gundi ya siku ile ilikuwa nzito, masalio ya chungu, haikuwa na unyevu wa kuiamsha. Ningeweka pande lile lenye maji juu ya mstari wa tatu, dakika chache baadaye ningekuwa na kitambaa kilicholegea na ukurasa wa rangi nzuri ya zambarau, usio na mtoto.

"Nini?" mama akauliza.

"Maji hayafai. Ondoa bakuli, tafadhali. Liweke mbali kabisa."

Mzee alikuwa ameacha kamba. "Sasa?"

"Sasa ni jua, baba. Gundi hii ikikaushwa sana inapasuka. Naianika, nalikunja jalada kidogo, naingiza kijiti, naanika tena. Unywele kwa unywele."

"Siku ngapi?"

Nilihesabu. Ile ilikuwa Jumamosi, na nusu yake imekwisha. "Mbili. Labda mbili na nusu. Jumanne lazima niwe barabarani."

"Mtu kama wewe hakai siku mbili," mzee akasema. Alikuwa ananitazama miguu. "Nimewachunga ng'ombe wa aina yako. Asubuhi unakuta kamba tu."

Alisema kweli. Hata wakati ule miguu ilikuwa imekwisha kusikia njia inayoshuka nyuma ya zizi na kutaka kujua inaishia wapi.

Nilichonga kijiti cha mwanzi hadi kikawa chembamba kama ukucha, nikasogeza mkeka lilipokuwa limebaki jua, nikaanza kwenye pembe ya kulia, mstari unapoishia. Mama alirudi kwenye mihogo yake. Hakuimba. Vumbi jeupe la gundi lilidondoka kidogo kidogo kwenye goti langu, na jua lilipofikia paa la ghala kitambaa kilikuwa kimeachia mahali pa kutosha punje mbili za mahindi. Nikaishika pembe kwa ncha za vidole, nikainama hadi pua ikagusa jalada. Chini yake kulikuwa na neno moja, kijivu, kavu, halijaguswa na maji. Lilikuwa la lugha yao, lakini na sisi tunalo. Neno hilo ni kidole.

Nililisoma kwa sauti. Mama akaweka kisu chini, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

"Basi limeonekana," mzee akasema. "Rudishia jalada."

"Bado, baba. Karani atataka mstari mzima. Nikiuvuta sasa utachanika."

Aliitazama pembe ile iliyofunuka. Kisha akamwita mkwewe kwa Kisukuma, na mama akaniambia kwa Kiswahili kwamba nitalala ghalani, upande wa makopa, ambako ni pakavu, na kitabu kitalala ndani ya debe, na debe litakaa chini ya kitanda cha mzee. Chakula kipo. Mzee ana neno moja tu: kwa kuwa kitabu kimefunguliwa na mimi, nitasoma mimi jioni, siku zote nitakazokuwapo, na nianze na yule aliyeachwa gerezani.

Nilikubali. Nikaingia ghalani kuweka mfuko wangu. Palikuwa na harufu kali ya mihogo mikavu, na kati ya magunia palikuwa na nafasi ya mkeka mmoja. Nikautandika. Nikavua katambuga, na baada ya kufikiri kidogo nikatoka nazo nje, nikampa mzee azitunze hadi Jumanne.